Damu baada ya kujifungua: utafiti wa Dkt. Fadhlun wa Muhimbili na lile shuka lenye mistari

KIBATARI (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Leo nimekuja na mada ya leba. Wanaoona kizunguzungu wakisikia habari za damu wapite taratibu, uzi hauna picha.

Kuna mtafiti wetu ambaye jina lake halisikiki mtaani inavyostahili: Dkt. Fadhlun Alwy Al-beity, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mwalimu pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, mwenye uzamivu wa Karolinska ya Sweden. Kazi zake nilizosoma zinazunguka jambo moja: mama amejifungua salama, mtoto analia, kisha damu inatoka bila kukatika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wanawake milioni 14 hivi hupatwa na hali hiyo kila mwaka duniani, na karibu 70,000 wanakufa. Damu ikishika kasi, saa mbili zinatosha kummaliza mtu mzima aliyeingia hospitali kwa miguu yake.

Utafiti wa kwanza ninaotaka tuuzungumze ulitoka 2019. Walichukua wilaya 20 za Tanzania, vituo 61, wakapiga kura: wilaya zipi wakunga wake wafundishwe kwanza na zipi zisubiri. Mafunzo yalikuwa ya siku moja tu, palepale kazini, halafu wiki 8 za kurudiarudia wenyewe kwa wenyewe. Chombo cha kufundishia kinaitwa MamaNatalie. Ni tumbo la bandia ambalo mkufunzi analifunga kiunoni, ndani kuna mtoto, kondo la nyuma na mfuko wa damu ya kuigiza. Mkufunzi akiamua, damu inamwagika kitandani na mfuko wa uzazi unalegea, mkunga anaambiwa haya, fanya kazi. Matokeo: akina mama walioponea chupuchupu kwa sababu ya damu walipungua kwenye wilaya zilizofundishwa kuliko zile nyingine.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya safari. Mkunga aliyefundishwa vizuri bado anahitaji kujua kwamba mama huyu anavuja sana, na anahitaji kujua mapema. Hapo ndipo Dkt. Fadhlun anaingia kwenye utafiti wa pili, E-MOTIVE, akiongoza upande wa Tanzania. Naandika bandiko linalofuata, msijaze ukurasa na "nasubiri".

CHUMVI TELE

Nasubiri.

BABA ZUHURA

Nimevuta kiti. Mke wangu yuko miezi saba, tiririka mkuu.

KIBATARI

Naendelea.

E-MOTIVE uliratibiwa na Chuo Kikuu cha Birmingham chini ya Profesa Arri Coomarasamy, ukafanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Hospitali 80, wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Majibu yalichapishwa Mei 2023.

Walichofanya ukikisikia unaweza kucheka. Mtoto akishatoka, mama anawekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko kama faneli unaoning'inia mwisho wa kitanda, na mfuko una mistari ya vipimo. Damu inashukia humo. Kila dakika 15 kwa saa nzima mkunga anasoma mstari, anagusa tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza, na ndani ya saa hiyo anapima presha na mapigo. Ikifika mililita 500, hata kama mama anacheka, kazi inaanza. Ikifika 300 na kuna dalili nyingine mbaya, inaanza vilevile.

Na kazi yenyewe ni hivi: kukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, dawa ya kuukaza (oksitosini, na misoprostoli kama ipo), asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, na kumkagua mama kama amechanika au kondo limebaki kipande, huku ukiita msaada. Vyote kwa mkupuo. Zamani ilikuwa unakanda, unangoja, unatoa sindano, unangoja, unatundika dripu, ukija kushtuka damu iko sakafuni.

Hospitali zilizofanya hivyo, waliofikisha damu ya lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6. Hospitali zilizoendelea kama kawaida, asilimia 4.3. Kilichonishtua zaidi ni namba nyingine: kwenye hospitali za kawaida, wanawake waliovuja kupita kiasi waligundulika asilimia 51.1 tu. Kwenye zile zenye shuka la mistari, 93.1. Maana yake nusu ya waliokuwa wanavuja hatari, hakuna aliyejua kwamba ni hatari, na walikuwa hospitalini, mbele ya mtu mwenye sare.

CHUMVI TELE

Sasa mkuu, kwa hiyo mabilioni ya wazungu yametumika kugundua mfuko wa rambo wenye mistari? Bibi zangu walizalishia kwenye ngozi ya ng'ombe na ukoo upo mpaka leo.

NESI WA USIKU

Chumvi Tele, ukoo wako upo kwa sababu wewe ni mjukuu wa waliopona. Waliokufa hawana wajukuu wa kuandika humu.

Niseme mimi niliye leba. Mama wa kwetu anakuja na beseni lake: khanga, pamba, glavu, wembe, uzi wa kitovu na ule mpira wa kutandika alioununua duka la dawa. Mpira huo ni bapa. Damu inatambaa pembeni, nyingine inanywewa na khanga, nyingine inachanganyika na maji ya chupa iliyopasuka, nyingine iko kwenye pamba zilizotupwa ndooni. Halafu fomu inaniuliza: kiasi cha damu kilichotoka? Naandika 200. Mwenzangu anaandika 200. Fungueni faili za leba yoyote mtakuta 200, 250, 200, kama vile wanawake wote wa wilaya wana mfuko mmoja wa uzazi. Ni jicho, na jicho likikuta damu nyingi ndiyo linadanganya zaidi. Damu ya lita nzima unaiona nusu.

Na usiku unaweza kuwa peke yako na wazazi wanne. Huyu anasukuma, huyu ndiyo kwanza ametoa kondo. Unamwambia "mama uko salama?" anasema niko salama. Anasema hivyo mpaka anapoanza kuomba maji na kupiga miayo, na hapo umeshachelewa.

Kwa hiyo mistari ile si kwamba inamfundisha mkunga kitu asichokijua. Inamnyima nafasi ya kujidanganya.

BINT MAKADARA

Salaam kutoka Mombasa. Nami nichangie, na hospitali sitaitaja.

Nilipojifungua mwanangu wa pili nilihisi vuguvugu chini, nikamwambia aliyekuwa zamu. Akanambia hiyo ni damu chafu, wacha itoke, ikibaki ndani itakuletea tumbo. Mama mkwe alipoingia naye akasema vivyo hivyo, na yeye amezaa saba. Sikuwa na la kujibu. Aliyeniokoa ni mfanyakazi wa usafi aliyekuja na mopu, akaangalia chini ya kitanda, akapiga yowe. Nilitiwa damu chupa tatu.

Nisomapo kwamba nusu hawagunduliki, sishangai hata kidogo. Halafu Kibatari, usiisahau Kenya katika kuhesabu watafiti: Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi yumo katika kazi hiyohiyo ya E-MOTIVE.

KIBATARI

Pole sana dada, na asante kwa kumtaja. Upande wa Nigeria yupo Profesa Hadiza Galadanci wa Bayero, Kano.

Hilo la damu chafu ni zito kuliko linavyoonekana. Pwani mpaka bara utalisikia, na lina ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu damu kiasi lazima itoke baada ya kuzaa. Ndiyo maana ni gumu kubishana na mama mkwe. Anachokosa ni mstari wa kuonyesha "kiasi" kinaishia wapi.

MIZANI SAWA

Nimesoma ripoti yenyewe, naomba niwe mkorofi kidogo.

Moja, ule upungufu wa asilimia 60 (kutoka 4.3 mpaka 1.6) unaotangazwa kila mahali ni wa mambo matatu yaliyofungwa kwenye kikapu kimoja, na kilichoshuka kwa kishindo ni damu ya lita moja na kuendelea. Vifo vyenyewe vya damu vilikuwa vichache mno pande zote mbili, tofauti yake haikutosha kuthibitisha kitu. Kwa hiyo mtu akisema "vifo vimepungua asilimia 60" anapotosha, hata akiwa waziri.

Mbili, ni waliojifungua kwa njia ya kawaida tu. Wa upasuaji hawamo.

Tatu, hospitali zilizopata shuka zilipata na mafunzo, na mtu wa kusimamia, na mrejesho wa takwimu kila mwezi. Utajuaje kama ni shuka au ni kusimamiwa?

Nne, swali ninalolipenda: hospitali za kawaida hazikuwa na mfuko wenye mistari. Sasa walijuaje huko nako kina nani walivuja lita moja? Kama walipima kwa jicho, basi wamelinganisha mizani na ubashiri.

KIBATARI

Mizani Sawa, watu kama wewe ndio uzi unawataka.

La nne ndilo walilolifikiria kwa ustadi kuliko yote. Hospitali zote zilipewa shuka lenye mfuko. Zile za kawaida lake halikuwa na mistari. Mkunga anaona damu mfukoni ila hana cha kusomea, anaendelea kukadiria kama siku zote. Baadaye mfuko unawekwa kwenye mizani, unapimwa kwa gramu, na namba ya kweli inaingia kwenye daftari la utafiti. Kwa hiyo pande zote damu ilijulikana kwa haki, tofauti ni nani aliijua kwa wakati. Hata ile asilimia 51.1 ilipatikana hivyo: mizani inasema huyu alivuja, faili linasema hakuna shida.

Niliwahi kufanya kazi ya kuingiza takwimu za utafiti wa afya (si huu), na nakuhakikishia upangaji wa namna hiyo ni nadra. Watu wengi wangepima upande wao tu wakasherehekea.

La kwanza uko sahihi, sina cha kubishana. Vifo vya damu ndani ya hospitali ni vichache kiasi kwamba ungehitaji wanawake wengi mno kuliko hao laki mbili kuona tofauti. Lakini lita moja si jambo la kupuuza kwa mama aliyeingia leba tayari ana damu pungufu. La pili uko sahihi pia.

La tatu, nadhani hata wenyewe wasingekubali kutenganisha. Dawa zilikuwepo tangu zamani, ila waliopewa matibabu yote kwa pamoja kwenye hospitali za kawaida walikuwa asilimia 19.4, na kwenye zile nyingine 91.2. Shuka bila usimamizi lingegeuka kuwa la kutandikia meza ya chai.

NESI WA USIKU

Lingegeuka kweli. Msichukulie kuwa utani.

BABA ZUHURA

Naomba kuuliza kama mtu wa nje. Hiyo traneksamiki, kwa nini asipigwe kila mama mapema tu, kabla hajaanza kuvuja? Tumalize kazi.

KIBATARI

Swali zuri, na limeshajibiwa, na Tanzania ilishiriki kulijibu.

Kwanza historia yake, maana napenda watu wajue. Dawa hii waliigundua Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza 1962. Utako alikuwa daktari, na lengo lake tangu mwanzo lilikuwa hilihili la wazazi wanaokufa kwa damu. Hawakuwa na fedha, wakafanyia majaribio damu, kwa sababu ikipungua wangetumia yao wenyewe. Utako alimbeba mtoto wake mgongoni akiwa maabara. Dawa ikapatikana, lakini madaktari wa uzazi hawakumsikiliza alipowaomba waijaribu kwa wazazi. Ikaishia kutumika kwa wang'oa meno na wapasuaji wengine.

Ikapita karibu nusu karne. Haleema Shakur-Still na Ian Roberts wa London ndio wakaja kuijaribu kwa wanawake 20,060 kwenye hospitali 193 za nchi 21. Majibu yalitoka Aprili 2017: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya damu vinapungua karibu theluthi moja. Ikichelewa zaidi ya hapo haisaidii. Utako Okamoto alifariki 2016, akiwa na miaka 98, mwaka mmoja kabla.

Sasa swali lako. Walijiuliza hivyohivyo, wakachukua wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa kati na mkali huko Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, nusu wakapewa dawa mara baada ya kuzaa kabla ya kuvuja. Matokeo ya 2023: haikupunguza wanaovuja. Kwa hiyo ni dawa ya anayevuja, na tunarudi palepale kwenye kujua nani anavuja.

MIZANI SAWA

Na huo ndio utafiti ninaouheshimu, unaoleta jibu ambalo waliouanzisha hawakulitaka.

KAMANDA WA FRIJI

Mimi ni wa stoo ya dawa. Mnazungumzia oksitosini kana kwamba iliyopo kwenye kichupa ndiyo iliyoandikwa juu yake. Dawa hii inataka nyuzijoto 2 mpaka 8. Safari yake kutoka Bohari ya Dawa mpaka zahanati ya mwisho mnaijua? Umeme unakatika Ijumaa, friji la zahanati lina chanjo, soda ya mganga mfawidhi na oksitosini kwenye mlango, sehemu yenye joto kuliko zote. Inachomwa, mfuko wa uzazi haukazi, mkunga analaumiwa.

Kuna kabetosini, nayo ni dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ipo ya aina isiyohitaji friji. Shirika la Afya Duniani waliijaribu kwa wanawake karibu 30,000 kwenye nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, majibu yakatoka 2018. Kwa kuzuia damu isifike nusu lita haikuzidiwa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Angalieni hilo neno, iliyotunzwa vizuri. Sisi yetu ni ile ya kwenye mlango na soda.

NESI WA USIKU

Hapo umenigusa. Ila kumbuka hiyo ni ya kuzuia. Mama akishaanza kuvuja bado unarudi kwenye oksitosini na wenzake.

CHUMVI TELE

Haya nimeshindwa, nafuta kejeli. Lakini swali la kweli: serikali inasema vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022. Kama tumeshuka hivyo bila hayo mashuka, tunayatafutia nini?

KIBATARI

Namba ni hizo kweli. Zimeshuka kwa mambo mengi kwa pamoja: vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji vimeongezeka, wanaojifungulia kituoni wameongezeka, usafiri wa dharura wa m-mama wa kupiga 115 umeanza. Yote hayo yanamfikisha mama mlangoni. Uzi huu unahusu anayekufa baada ya kufika, na hao ndio watakaobaki wengi kwenye hesabu kadiri wanaofia njiani wanavyopungua.

Na mambo hayajasimama. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipitisha rasmi shuka la kupimia na matibabu ya mkupuo. Oktoba 2025 wakatoa mwongozo mpya pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga: usingoje 500, mililita 300 zikiandamana na presha au mapigo yasiyo ya kawaida zinatosha kuanza. Kilichokuwa cha pembeni kwenye E-MOTIVE sasa kimekaa mbele.

MJUMBE WA KAMATI

Wakuu nimekuwa nasoma kimyakimya. Mimi si mtu wa afya, ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chetu, na bajeti tunaijadili wiki ijayo. Fedha za papo kwa papo ni kidogo. Dada Nesi, nikisimama kikaoni niombe nini?

NESI WA USIKU

Kaka yangu, omba shuka za mistari za kutosha wazazi wa robo mwaka, maana ni za kutumia mara moja na kutupa, msije mkaanza kuzifua. Omba traneksamiki, gramu moja kwa mama, na ya akiba kwa asiyekatika baada ya nusu saa. Omba kipimajoto cha friji, umshukuru Kamanda. Kanula kubwa na maji ya dripu mnavyo, ila viko stoo, na stoo iko jengo la pili.

Kisha hili halina gharama: hivyo vyote vikae leba, kwenye sanduku moja au kitoroli kimoja. Wale wa E-MOTIVE ndivyo walivyofanya, na kila hospitali ilikuwa na mkunga mmoja na daktari mmoja wa kulisimamia jambo hili. Ukianza kutafuta mkasi huku damu inashuka, mafunzo yote yanakutoka.

MJUMBE WA KAMATI

Sanduku tunalo, lile la zamani la kubebea chanjo, lina mfuniko mzuri. Fundi aweke kufuli? Vitu vinatembea pale kituoni.

NESI WA USIKU

Usithubutu kuweka kufuli! Ufunguo utaondoka na mwenye zamu ya mchana, na mama atavuja saa nane usiku. Fungeni kwa plasta ya kawaida, iandikwe tarehe. Ikikutwa imekatwa, anayepokea zamu anajua limetumika, analijaza kabla hajavaa glavu. Na karatasi ya vilivyomo ibandikwe ndani ya mfuniko, si nje, nje itachanika kabla ya mwezi.